Shimo Nililofukia Mufindi

Mwaka 1938, nikiwa na miaka tisa, ng'ombe wetu wa pekee alivunjika mguu kwenye shimo ambalo mtu alilichimba akaliacha wazi. Maziwa yake ndiyo yaliyonilipia ada, basi shule yangu ikaishia hapo. Tangu siku ile sipiti shimo bila kulifukia.

Mwaka jana, nikiwa na miaka hamsini, meneja wa shamba la chai kule Mufindi aliniita tucheze gofu, mchezo nisioujua. Nilitaka lori langu libebe chai yake, nikawahi kufika. Nikaona shimo katikati ya uwanja wa nyasi nzuri, limechomekwa kijiti chenye kitambaa chekundu. Nikajua mtu kaonya wenzake, ila kaona uvivu kulifukia. Nikajaza udongo, nikashindilia kwa kisigino, kijiti nikakirudisha.

Tulipoanza nilimwiga meneja, nikapiga hewa.

"Piga kwa namna yako, Mzee!" akacheka. "Ukinitangulia kwenye kile kijiti, chai utabeba wewe."

Basi nikapiga kama ninavyolima, kwa moyo wote. Mpira ukaruka! Nilifurahi kama mtoto. Kwa pigo la tatu mpira wangu ukagonga kijiti, ukasimama, wa meneja ukiwa bado nyuma.

"Mbona haujaingia?" meneja akashangaa.

"Uingie wapi?"

"Shimoni, Mzee!"

"Lile? Nimeshalifukia," nikasema kwa majivuno. "Ng'ombe angeumia."

Meneja akaketi chini kwa kicheko. Nilitamani shimo linimeze, lakini lenyewe nilikuwa nimelishindilia.

"Jumatatu lete lori," akasema akifuta machozi.

Leo nina malori mawili, nyumba ya bati Uyole, na ng'ombe sita, wote wazima miguu.