Tuzo ya Mama

Kaka yangu ana tuzo nyingi kuliko masufuria yangu. Alianza kwa kuigiza mwizi wa kupigwa, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Alipogeuka mwongozaji wa filamu, kicheko kikaisha. Hata nyumbani, salamu ya shangazi isipomnogea, alimwambia, "Rudia." Mama alimtetea: mtoto akinyea kiganja, hakikatwi. Tuzo zake alizipanga juu ya kabati, akazifuta vumbi kila asubuhi.

Mama alipougua, kaka alikuja na kamera, eti ya kumbukumbu ya familia. Nilikuwa nafua uani nikamsikia Mama kupitia dirishani: "Mwanangu, maji."

"Rudia, Mama. Mwanga haujakaa vizuri."

Mama, kwa kumzoea, akarudia. Nilipoingia mbio na kikombe, midomo ilikuwa imemkauka, na kamera bado iko usoni pake. Kesho yake tukamzika.

Filamu ya kaka iliyofuata ilikuwa na mama mgonjwa anayeomba maji, na mwana anayepiga magoti kumnywesha. Ukumbi mzima ulilia. Wakampa tuzo kubwa kuliko zote, naye akaniletea niiweke kabatini.

"Dada, hii ni ya Mama."

"Rudia," nikamwambia.

Akacheka, akarudia. Nikamwambia arudie tena, na tena, mpaka kicheko kikamwishia na koo likamkauka.

"Dada, basi. Naomba maji."

"Rudia."