Fundi Aliyesahauliwa Chini ya Hospitali

Alikuwa fundi cherehani wa hospitali, na watu walimwita Bibi Sindano kwa sababu ya ulimi wake: ukimsogelea kwa dharau, lazima uchomwe. Kazi yake ilikuwa kutia viraka mashuka na kushona mapazia ya wodi. Zamani alikuwa na chumba cha juu chenye dirisha pana. Msimamizi akakitaka kiwe ofisi yake, akamwomba fundi ashuke kwenye stoo ya chini, kwa muda tu. Msimamizi yule akahamishwa, aliyemfuata hakuambiwa kitu, na ule muda ukageuka miaka.

Huko chini mwanga ulipenya kwenye tundu moja karibu na dari, na kwenye tundu hilo aliona viatu vya wapita njia tu. Mashuka yaliteremka kwa lifti ya mizigo, yakapanda nayo, pasipo mtu kusema ahsante. Nyumbani alifanya mzaha kwamba yeye ndiye maiti pekee anayelipwa mshahara.

Siku moja mlinzi mgeni aliufunga mlango wa ngazi kwa kufuli, akidhani ndani mna vyuma chakavu. Fundi aligonga mpaka viganja vikawaka moto. Simu haikushika mtandao. Akaketi juu ya rundo la mashuka, akajiuliza nani atamtafuta, akampata mmoja tu.

Na huyo mmoja ndiye aliyekuja. Binti yake, mwalimu wa Kiingereza, alikuwa amempitia warudi nyumbani pamoja. Kila aliyemuuliza alimjibu kwamba hospitali haina fundi wa kushona. Akang'ang'ana mpaka kufuli likafunguliwa.

Walipokuwa wamekaa nje kwenye benchi, binti alisema, "Mama, Waingereza wana neno, oubliette. Ni shimo la kufungia watu katika ngome za kale, na mlango wake pekee uko juu, darini. Wamelichukua kwa Wafaransa, na limetokana na kitenzi cha kusahau."

"Na anayetiwa humo, hutolewa lini?"

"Wengi hawakutolewa. Waliachwa wasahaulike."

Kesho yake mama alimwendea mkuu wa hospitali, ambaye alikiri kwamba siku zote alidhani mashuka hushonwa nje. Akaahidi kulitazama jambo hilo. Fundi hakungoja, aliwaomba wabeba mizigo wampandishie cherehani, akaiweka kwenye korido karibu na dirisha la dawa. Kwa majuma machache alishona huku akitaniana na wagonjwa, na rangi ikamrudi usoni. Kisha madaktari wakalalamikia kelele, akaamriwa kushuka.

Binti alimsihi aache kazi. "Kwa macho haya yaliyofifia gizani, mwanangu, nani atanipokea?" alimuuliza.

Alishuka, ila kwa sharti moja: seremala aung'oe mlango ule na bawaba zake. Mkuu akakubali, pengine kwa aibu. Fundi yuko huko mpaka leo. Wauguzi wengine humshukia na vifungo vilivyokatika, wakakaa kidogo wakipiga soga. Siku nyingine hashuki mtu.