Siku Nilipowaonyesha Mazalia ya Sato

Darasa la nne ndilo lililonishinda, lakini kwenye mwalo wetu wa kushushia samaki huku Geita hakuna asiyenijua. Nilitoka machimbo ya Nyarugusu na mtaji mdogo, nikanunua mtumbwi mmoja, ukazaa mitano. Kwa hiyo ilipoundwa kamati ya wadau ya kushauri mambo ya uvuvi, wenye mitumbwi hawakusumbuka kupiga kura. Walinituma mimi.

Siku hiyo afisa uvuvi alibandika ramani ya ziwa ukutani. Akasema eneo moja wanamozaliana sato litafungwa, asitege mtu mle, na sisi ndio tupendekeze ni lipi. Akaweka kalamu nyekundu mezani.

Nyavu zangu zote zilikuwa kwenye ghuba ya matete. Mazalia yalikuwa humo humo, na nilijua. Machimboni tuna adabu moja: ukishaona mwamba wa dhahabu umeelekea wapi, unafunga mdomo. Nami nilikuja kuufunga.

Mwenyekiti akagusa ramani upande wa miamba, mbali kabisa na ghuba yangu. "Nadhani ni huku."

Nikatikisa kichwa kukubali. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri.

Mama mmoja, mwakilishi wa wakausha dagaa, akacheka. "Msimtazame bosi. Huyu ni mtu wa mashimo. Ziwa anasimuliwa na manahodha wake."

Watu wakacheka. Nje ya dirisha manahodha wangu walikuwa wanasikiliza, na wao wakacheka.

Nikasimama, nikamgeukia yule mama. "Mayu, mimi nasimuliwa? Sato anazaa kwenye mawe, nani kawaambia? Sato anataka mchanga, maji ya kiunoni. Anachimba kiota mviringo kama ungo. Nimevikanyaga kwa miguu yangu hii, kiota kwa kiota, kuanzia matete mpaka mdomo wa mto."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na mstari nilikuwa nimeshauchora. Niligundua nilipomwona afisa anainama kuutazama.

"Kwa hiyo ghuba ya matete," afisa akasema taratibu.

"Hapana, yaani... zamani. Siku hizi sina hakika."

Yule mama hakucheka tena. "Baba, umetuambia umevikanyaga. Umekanyaga au ulikuwa unatudanganya?"

Nilijua uzito wa swali lile. Nikisema nilidanganya, ghuba inabaki wazi na mitumbwi yangu mitano inaendelea kula. Lakini pale mwaloni nilijengwa na neno langu. Watu walinipa nyavu kwa neno tu, wakaniachia injini kwa neno tu. Nilimtazama mwenyekiti aniokoe. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nimevikanyaga," nikasema.

"Wanaokubali wanyooshe mikono," afisa akasema.

Ikanyooshwa yote. Wangu ulikuwa wa mwisho, na ulikuwa mzito kuliko ndoo yoyote ya mawe niliyowahi kuvuta kutoka shimoni. Lakini niliunyoosha mpaka juu, asije mtu akasema uliishia njiani. Mwingine angekana. Mimi sikukana.

Nje, nahodha wangu mkubwa alinifuata hadi kwenye pikipiki.

"Bosi, kesho tunatega wapi?"

"Kilindini."

"Kilindini upande gani?"

Nikatazama maji. Kila kona ya ghuba ile ningeitaja nimefumba macho. Huko mbele sikuwahi kwenda.

"Tutakwenda wote," nikamwambia. "Utanionyesha."