Gari la Papa Kalenga

Nimejifunza peke yangu kutengeneza maketi, nyumba ndogo za katoni, na kosa la milimita moja huninyima usingizi. Papa Kalenga, mwenye malori hapa Bel-Air, aliniagiza maketi ya mtaa wao, kazi yangu ya kwanza ya kulipwa. Nilipima mtaa wiki nzima, nikaweka kila kitu mahali pake, hata gari lake.

Jana mkewe aliitazama maketi mbele ya wageni.

"Mutoto, umekosea. Ile semaine ulikuwa unapima, papa alikuwa safari ya Sakania na motokari yake. Juu ya nini umeiweka kwa mulango ya jirani yetu Mama Béa?"

Mimi, kukosea? Papa Kalenga alinikonyeza. Nikadhani vumbi limemwingia jichoni.

"Hapana, mama," nilijibu kwa hasira. "Ile semaine nilikuwa napima kila asubuhi. Motokari ilikuwa pale, na umande ku vioo."