Niliambiwa historia ya Ujerumani ina wenyewe, nikaisomea Mumbuni

Wakuu, salamu kutoka Machakos. Naandika haya nikiwa na hasira kidogo na furaha nyingi, na yote yamenipata mimi mwenyewe. Asiyeamini aje Mumbuni tumpikie muthokoi, tutaongea vizuri.

Mimi ni mwanafunzi wa masters, upande wa historia. Kijerumani nilikianza sekondari, nikakipenda, nikaendelea nacho chuoni. Topic niliyochagua ni njaa ya mijini Ujerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia: akina mama walipika nini wakati hakuna kitu.

Supervisor wangu alisoma ukurasa mmoja tu, akanirudishia.

"Ujerumani ina wenyewe," akaniambia. "Huwezi kuandika Ujerumani na hujafika. Andika terraces za Machakos, ziko hapo mlangoni kwako."

Wakuu, terraces za Machakos zimeandikwa mpaka matuta yenyewe yamechoka. Na wengi walioziandika walitoka mbali, wakakaa kidogo, wakaenda zao. Hakuna aliyewauliza kama wana shamba huku kwetu Kithimani. Mimi nikisoma habari za kwao ndio imekuwa kosa?

Nikamwambia sibadilishi. Akasema sawa, nikutane na panel ya kupitisha proposal, na panel ikikataa nitaanza upya na topic atakayonipa yeye.

Sasa kwa wale hawajui: magazeti mengi ya zamani ya Kijerumani yamepigwa scan na maktaba za huko, yakawekwa mtandaoni, bure. Kuna barua za wanajeshi, picha, hata matangazo ya maduka. Huulizwi visa wala barua ya chifu. Unahitaji bundles za data na macho. Macho hasa, kwa sababu herufi zao za wakati huo zimejikunja kama waya wa ua uliolaliwa na ng'ombe. S na f nilizichanganya mpaka nikalia.

Nikaanza ku-search neno njaa kwa Kijerumani.

Wapi! Nilipata njaa ya nchi hii na njaa ya nchi ile. Kuhusu yao wenyewe, karibu kimya. Magazeti ya vita yalikuwa yanachungwa na serikali. Nikaanza kuogopa kwamba supervisor alisema kweli.

Jumamosi moja niko kwa mama, yeye anachagua mahindi ya muthokoi, mimi nimekunja uso mbele ya laptop. Akauliza nasoma nini, nikamweleza. Hakushangaa hata kidogo.

"Na hiyo njaa ilikuwa inaitwa aje?"

"Mama, ni njaa tu. Ya wakati wa vita."

"Njaa haikosangi jina, mwiitu. Kwani hao watu walikuwa wanakula nini?"

Akarudi kwa mahindi yake.

Kwa wasio Wakamba: mwiitu ni msichana, na kwetu njaa kubwa hupewa jina, na mara nyingi jina hutoka kwa kile watu walikula au walichokosa. Ile mama aliiona akiwa msichana inaitwa Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nikiwa nimeshika. Pesa iko mkononi, dukani hakuna unga. Na mimi, Mkamba wa kuzaliwa, nilikuwa natafuta njaa bila kuuliza jina lake. Nilijionea aibu.

Basi nikaachana na neno njaa, nikaingia jikoni kwao. Nika-search mkate, viazi, kabichi, na mwishowe tanipu, ile mizizi waliyokuwa wakilisha mifugo.

Wakuu, mlango ukafunguka! Mkate wa tanipu. Jam ya tanipu. Kahawa ya tanipu, jamani! Kwenye kurasa za akina mama, katikati ya matangazo ya sabuni na vifungo, njaa ilikuwa imekaa imevaa aproni. Na jina lilikuwepo: majira ya baridi ya tanipu. Wenyewe wanaiita hivyo mpaka leo. Nilipiga kelele mama akadhani nimeumwa na nge.

Siku ya panel ikafika. Mwenyekiti ni profesa mmoja Mkamba, mkali kama pilipili. Supervisor wangu amekaa kando, mikono ameikunja. Swali la kwanza likawa lile lile.

"Wewe umefika Ujerumani lini?"

"Sijafika, Prof. Na wale walioandika njaa zetu, ni wangapi waliwahi kulala njaa Ukambani?"

Sikuomba msamaha. Nikawafungulia zile kurasa, moja baada ya nyingine, nikasoma na kutafsiri. Prof akainama mbele.

"Na wenyewe waliiitaje, hii njaa?"

"Majira ya baridi ya tanipu, Prof."

Akaweka kalamu chini, akacheka mpaka akavua miwani. "Kumbe hao pia ni Wakamba!"

Proposal ilipita. Supervisor alitia sahihi bila kuniangalia. Tulipotoka nje akaniomba link.

Nilichojifunza ni hiki: historia haina title deed. Wamekuja kutusoma miaka yote, na sisi tuko na macho pia. Ukiambiwa kitu kina wenyewe, angalia kwanza kama hao wenyewe wameacha mlango wazi. Hawa waliuacha. Nimeingia na maswali ya kwetu, na sitoki.

Wa kubisha abishe, niko hapa. Ila kabla hujabisha, andika hapa chini: njaa ya kwenu iliitwaje?