Mti Ndani ya Fremu

Ilukor hakuwahi kumpa fundi baiskeli yake. Miaka yote aliyobeba abiria pale Malaba, kabla pikipiki hazijawafukuza wenye baiskeli, alikaza spoku mwenyewe na kuziba pancha mwenyewe. Kwa hiyo fremu ilipopata ufa chini ya kiti, mimi jirani yake nilijua nitasikia nyundo tu.

"Mzee, peleka kwa Ojiambo, yule wa kuweld soko ya Adungosi," nilimwambia. "Hiyo ni kazi ya moto."

"Yule ataniunguzia rangi bure."

Akachonga kipande cha mkaratusi mkavu, akakipigilia ndani ya bomba, kisha akaufunga ufa kwa mpira wa tyubu kuukuu. Ndivyo walivyofanya wenzake wote enzi zile, wakabeba magunia ya mahindi bila taabu. Lakini Ilukor habebi mahindi. Humbeba mkewe, Asekenye.

Asekenye alianguka na pikipiki, miguu ikakataa. Tangu hapo hapandi kitu chenye injini, hata umsihi vipi. Kila Jumapili Ilukor humketisha kwenye keria aliyoiwekea mto na kiegemeo, akaisukuma baiskeli polepole hadi kanisani. Mama wa watu hana safari nyingine.

Basi mvua ikanyesha wiki nzima. Mti ukanywa maji, ukavimba, ufa ukaachama. Wahenga walituonya kuhusu kutoziba ufa. Kuhusu kuuziba vibaya hawakusema lolote. Jumamosi akakubali twende kwa Ojiambo.

Ojiambo aligusisha moto mara moja tu. Moshi ukafuka, bomba likatoboka tundu la pili.

"Hii siwezi weld, mzee. Kuna mti ndani, inachemka."

"Si utoe?"

"Itatoka aje? Imeshikana na chuma. Ungeniletea ikiwa ufa tu, ningemaliza ukikunywa chai."

Ilukor alisimama mikono ikining'inia. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza njia nzima, badala yake nikamsaidia kuinyanyua fremu. Tukarudi nayo begani.

Asubuhi yake, Jumapili, nilipita kwao. Asekenye alikuwa ameketi mlangoni, kitambaa kipya kichwani, viatu vya kanisani miguuni, mto wa keria mapajani. Hakuna aliyemwambia.

"Jana sikusikia nyundo," alimwambia mumewe akitabasamu. "Kumbe imepona."

Ilukor akachuchumaa mbele yake, akaanza kumvua viatu.