Wakubwa Kwanza

Asubuhi ile nilikuwa nikimsuka mwanangu Zuwena naye akilalamika, "Mama, unanivuta," na mimi nikimhimiza tusichelewe skuli.

Ilikuwa skuli ya Waingereza hapo Maskati, ya watoto wa maofisa wao, nami nilikuwa yaya wa darasa la wadogo. Kwa kazi hiyo Zuwena alipewa nafasi ya kusoma hapo. Kila kitu kilifanywa kama kilivyofanywa kwao tangu enzi za mababu zao: kofia za sufu kwenye joto letu, wimbo wa Kilatini ambao hata waimbaji hawakuuelewa. Na mlango. Kengele ikilia, wakubwa walitoka kwanza, darasa baada ya darasa, wadogo wakingoja kwenye mstari. Mwalimu mkuu, aliyewahi kuwa ofisa Unguja, aliniambia kwa Kiswahili chake kikavu kwamba hiyo ndiyo adabu. Upuuzi mtupu, lakini mshahara ulikuwa wake.

Vita vya waasi na Sultani, ambaye maofisa hao walimtumikia, vilikuwa Dhofar, mbali kusini. Siku ile vilitufikia ndani ya gari la ofisa aliyemleta mwanawe. Lilikuwa limetegwa bomu.

Gari liliripuka ubavuni mwa ukumbi tukiwa kwenye sala yao ya asubuhi. Paa la makuti likashika moto.

Kengele ikalia. Mwalimu mkuu akasimama mlangoni, mkono juu.

"Wakubwa kwanza!"

Wakatoka wakitembea. Wakitembea, wallahi, na moto juu ya vichwa vyao.

Niliwapigia kelele wadogo watoke. Hakuna aliyesogea. Nikamtupa mmoja dirishani, kisha mwengine. Zuwena alikuwa mwisho wa mstari, ukutani.

"Zuwena, njoo!"

"Bado zamu yetu, mama."

Boriti ikaanguka baina yetu.

Mwalimu mkuu alikuja matangani, kofia mkononi, macho mekundu.

"Binti yako hakuvunja safu," alisema. "Skuli itamkumbuka kwa hilo."

Alidhani ananipa zawadi.

"Toka nyumbani kwangu," nilimwambia. "Nnakuomba utoke kabla sijakutia mkono."

Miaka imepita, watu wananiambia nisamehe. Waliotega bomu siwasamehe, Mungu atawalipa. Lakini wao hawakumjua mwanangu. Yule mwalimu alimjua kwa jina, alimwona pale ukutani, na mlango aliusimamia yeye.